Hesabu Tena, Hajji

Ilikuwa Jumamosi jioni, chini ya mfenesi ulio nyuma ya gereji ya pikipiki huku kwetu Kawempe. Hajji alikuwa akicheza na fundi cherehani. Ubao wa mweso, bao la Waganda, umewekwa juu ya kreti ya soda, na sisi tumeuzunguka: wengine wamesimama, wengine wamekalia matairi mabovu, mmoja ana rolex mkononi, chapati yetu ya mayai, inayomchuruzika mafuta. Hajji akazoa kete tisa kutoka shimo la nyuma, akaanza kuzitupa moja moja, upesi kama kawaida yake, kidole gumba kikizisukuma kutoka kiganjani. To, to, to.

Shimo la sita akaangusha mbili.

Niliziona kwa macho yangu mawili. Kete ya tisa, ambayo ingeangukia shimo tupu na kuimaliza zamu yake, ikaishia shimo moja kabla: mstari wa ndani, shimo lenye kete, na mkabala wake mashimo mawili ya fundi, yote yana kitu. Kwenye mweso hapo unakula. Hajji akanyoosha mkono upande wa fundi, akazoa kete kumi na moja.

Neno likanitoka kabla sijalitafuna.

"Hajji, umetupa mbili shimo moja. Hesabu tena!"

Aliyewahi kukaa kwenye mweso anajua kwamba watazamaji hawanyamazi. Kila mtu ni kocha. Utaambiwa chukua lile, acha lile, wewe ni mjinga, mkeo anacheza vizuri kuliko wewe. Siku ile kelele zilikatika kama redio iliyochomolewa kwenye umeme. Mwenye rolex akaacha kutafuna. Fundi, ambaye ndiye aliyekuwa akiliwa kete zake, akasema kwa sauti ya chini, "Endelea tu, Hajji."

Hajji hakuendelea. Akazirudisha zile kumi na moja upande wa fundi, akipapasa ukingo wa shimo kwa kidole kabla ya kuweka. Akatafuta bakora yake chini ya kreti.

"Nimechoka leo," akasema, akaondoka.

## Nilikuwa na haki

Wiki ya kwanza nilijitetea. Mke wangu ndiye aliyesikiliza kesi yote, pande zote mbili, maana upande wa pili pia niliusema mimi.

Ubao wa mweso una mashimo 32, kila mchezaji 16. Kete ni 64, kila mmoja 32. Unaanza na shimo lenye kete mbili au zaidi, unazungusha kinyume cha saa, kete moja kila shimo. Hayo mengine yote, kula, kuendelea pale unapoangukia shimo lenye kete, kumbana mwenzako mpaka akose pa kuanzia, yote yamesimama juu ya hilo la mwisho. Moja kila shimo. Ukiliondoa, kilichobaki ni mbegu na ubao.

Nami mambo haya sikuyaanzia Kawempe. Mama yangu ni mtu wa Tanga aliyeolewa Busia, na likizo za shule nilipelekwa kwa mjomba, nikalelewa kwenye bao. Bao la Kiswahili nalo lina kete 64, ila kule unaanza na kete 22 mkononi na sita kwenye nyumba, na ukiweza kula lazima ule. Mjomba ukitupa vibaya alikupiga kofi la mkono, wala hakusema kitu. Kwa hiyo mkono wangu unajua. Jicho langu linajua. Tena mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nalipwa, japo si sana, kwa kuona kosa na kulisema.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mapema. Hajji hakuja.

Wenzangu walinipokea vizuri, na hapo ndipo nilipoanza kupata wasiwasi. "Karibu mwalimu, keti hapa." Nikapewa benchi. Miezi minane nilikuwa nakalia tairi kama wengine. Nilipocheza, hakuna aliyeniambia chukua lile, acha lile. Hakuna aliyemtaja mke wangu. Nilimfunga jamaa wa bodaboda mara mbili mfululizo, akanipa mkono na kuniambia hongera, mwalimu, kana kwamba nimepata mtoto.

Adhabu yangu ilikuwa heshima.

Jumamosi ya pili, benchi. Hajji hayupo. Jumamosi ya tatu, benchi, na mtu akanifutia vumbi.

## Lugha ya amri

Maelezo ya kwanza niliyoyapata yalikuwa mazuri mno, na niliyashikilia karibu wiki nzima.

Pale mfenesini tunazungumza Kiganda. Fundi ni Mkongomani wa Bukavu, Kiganda chake kinachechemea, kwa hiyo naye tunachanganya Kiswahili. Lakini siku ile nilimwambia Hajji kwa Kiswahili. Tena kwa sauti ya juu. Tena kwa amri. *Hesabu tena.*

Msomaji wa Uganda ameshaelewa ninakoelekea. Hajji ni mtu wa miaka sabini na kitu. Miaka ya mwanzoni mwa themanini alikuwa kijana hapa hapa Kampala, na Kiswahili kilichowafikia vijana wa Kampala wakati ule hakikuwa cha mashairi. Kilikuwa Kiswahili cha askari kwenye vizuizi vya barabarani: simama, toa kitambulisho, lala chini. Misako yenyewe watu waliipa jina la Kiswahili, panda gari, na mpaka leo ukilitamka mbele ya wazee fulani utaona uso unavyofunga.

Mimi mwenyewe nilionja kidogo mwaka wa kwanza nilipotoka Busia. Kule mpakani Kiswahili ni cha kununulia nyanya. Nikapanda teksi pale mjini (Wakenya wanaonisoma: teksi kwetu ndiyo matatu yenu, matatu kwetu ni mchezo wa karata, msituchanganyie), na nilipokaribia kushuka nikapaza sauti, "Shukisha hapo!" Watu kumi na watatu wakageuka. Mama aliyeketi kando yangu akaukumbatia mkoba wake kwa mikono yote miwili.

Hakuna aliyeniambia neno. Siku iliyofuata nilimsikiliza mtu mwingine anavyofanya, nikasema kama yeye, *maaso awo*, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekumbuka jambo. Konda akagonga bati, gari likasimama.

Mambo ya teksi niliyajua yote kwa njia hiyo. Kwamba mwenye kiti cha kukunja mlangoni hushuka kuwapisha wa nyuma kisha hurudi palepale, na hakuna anayemwahi. Kwamba nauli ya wa nyuma hupita mkononi mwako na wewe huihesabu bila kuonekana unaihesabu. Kwamba konda asipokuwa na chenji atawapa watu wawili noti moja, nanyi mkishuka mtakuwa marafiki kwa dakika tano hadi mpate pa kuivunja. Gari linaruhusiwa abiria 14, imeandikwa. Hayo mengine hayajaandikwa popote na yanafuatwa kuliko hiyo 14.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Katiba ilikuwa imeshakitaja tangu mabadiliko ya 2005. Nilifurahi, ndiyo kazi yangu. Na jioni ya siku niliposikia habari hiyo nilipanda teksi, na nilipofika kwangu nikasema *maaso awo*.

Basi nikajiambia: ni hilo. Nimemkumbusha mzee bunduki.

Yalinikaa vizuri maelezo haya, kwa sababu yalinipa kosa kubwa lenye historia, si kosa dogo la mtu mwenye mdomo. Lakini hayakusimama. Hajji huyohuyo humtania fundi kwa Kiswahili kila Jumamosi. Humwita "kijana wa Mobutu", na Kiswahili chake, kwa taarifa yenu, kina ngeli safi kuliko cha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu.

Nikajaribu umri. Mdogo hamsahihishi mkubwa mbele za watu. Hilo hata Tanga lipo, hata Bukavu. Nalo likaanguka. Vijana wa bodaboda wana miaka ishirini na mbili, na humwambia Hajji, "Leo utalia," naye hucheka mpaka kofia inateleza.

## Saa tano usiku

Niko kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa Kiswahili. Tuko 41. Juu kabisa kuna tangazo lililobandikwa: hapa ni Kiswahili sanifu tu, na kosa la mwenzako lisahihishwe kwa upendo. Upendo wenyewe mngeuona. Mtu akiandika "masaa" badala ya "saa" anapata majibu sita kabla hajaweka simu chini. Kuna mwenzetu mmoja husahihisha mpaka nafasi kabla ya koma. Siku moja watu wawili walizozana kuhusu "aidha" kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, na mmoja wao alikuwa darasani.

Usiku mmoja, mwaka jana, saa tano kasoro, mwenzetu wa upande wa kaskazini aliandika hivi:

"Mama yangu anakufa leo jioni. Muniombee walimu."

Njeo si hiyo. *Amekufa*, au kwa adabu zaidi *amefariki*. Na ni *mniombee*.

Hakuna aliyegusa. Walimu 40, kila mmoja na kalamu nyekundu kichwani, na hakuna hata mmoja. Zikaanza pole. Pole sana mwalimu. Pole sana ndugu yetu. Inna lillahi. Mungu ampokee. Zile zile, zinafuatana kama watu kwenye foleni ya kunawa mikono, na hakuna aliyejali kwamba amerudia maneno ya aliyemtangulia. Baada ya muda mweka hazina akaweka namba ya kutuma mabugo. Neno hilo tunalo sote hata tusio Waganda. Zamani yalikuwa magome ya mti yaliyopondwa yakawa nguo ya kumzikia marehemu, kila mtu analeta lake, siku hizi ni pesa kwenye simu. Hakuna aliyeweka kiwango. Na bado ukiangalia waliotuma utadhani kuna karatasi ya viwango.

Nimeukumbuka usiku ule mara nyingi wiki hizi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, ile kanuni ya kusahihisha imeandikwa, imebandikwa juu, na ikasimamishwa na watu 40 kwa wakati mmoja bila kikao. Si jambo la ajabu nchini kwetu. Facebook ilizuiwa na serikali Januari 2021, na hakuna aliyeuliza mwenzake amepitia wapi kuiona picha ya harusi. Kuna yaliyoandikwa, na kuna kujua ni lini yaliyoandikwa yanawekwa kando.

Sababu ya pili sipendi kuisema, lakini kama siisemi makala hii haina maana.

Niliposoma ujumbe ule, niliona kosa kabla ya kuona msiba.

Ilikuwa kitambo kifupi mno, labda nusu ya kupepesa jicho. Kidole kilikuwa kimeshaanza kwenda. Kisha neno *mama* likanifikia, nikaandika pole kama wengine. Nikalala nikijiona mtu mzima mwenye staha. Staha yenyewe ilikuwa ya bahati. Mwenzetu alitupa neno *mama*, na neno hilo lilitushika mkono sote. Hajji hakutupa neno lolote. Alitupa kete mbili.

## Mpangaji nyumbani kwake

Miaka ya sitini kulikuwa na mwanasosholojia Mmarekani, Harold Garfinkel, aliyekuwa akiwapa wanafunzi wake kazi za ajabu. Mojawapo ilihusu ule mchezo wa watoto wa kuchora vyumba tisa na kujaza X na O. Unamwachia mwenzako aanze. Akishaandika yake, unaifuta, unaihamishia chumba kingine, kisha unaandika ya kwako, uso mkavu kana kwamba ndivyo unavyochezwa duniani kote. Kazi nyingine: rudi nyumbani kwa wazazi wako, na kwa robo saa hadi saa nzima uishi kama mpangaji. Omba ruhusa kabla ya kufungua friji. Zungumza pale tu unapoulizwa. Waite kwa adabu kama usiowajua.

Mimi nilidhani familia zingefurahi. Nani hataki mtoto anayeomba ruhusa? Wapi. Watu walikasirika, wakaona aibu, wakauliza: unaumwa? Una nini? Umefukuzwa kazi?

Nimependa hilo swali la "unaumwa". Hakuna mzazi aliyesema "umevunja kanuni fulani". Hawakuwa na jina la kanuni yenyewe. Walijua tu kwamba aliyekaa sebuleni si mtoto wao. Na nikaona ujanja wa wenzangu wa mfenesini, kama ulikuwa ujanja. Waliligeuza jaribio la Garfinkel. Wao ndio walionifanya mimi mpangaji. Karibu mwalimu, keti hapa.

Hata sataranji, mchezo ambao shirikisho lake la dunia, FIDE, limeandika kanuni mpaka jinsi ya kugusa kipande, linakiri mwanzoni kabisa kwamba kanuni hizo haziwezi kutosheleza kila litakalotokea mezani. Yaliyobaki yanaachiwa busara ya mwamuzi. Sisi chini ya mfenesi hatuna mwamuzi. Kuna muuza rolex tu, naye anaunga mkono yeyote anayenunua.

Tofauti yangu na wanafunzi wa Garfinkel ni kwamba wao, jaribio likiisha, waliweza kusema, "Ilikuwa kazi ya shule." Mimi sikuwa na pa kurudi. Kwanza sikujua nimevunja nini.

## Upindo wa suruali

Nilipeleka suruali kwa fundi. Haikuwa na shida kubwa, upindo umefumuka upande mmoja, ningeweza kuushona mwenyewe. Duka lake ni upana wa milango miwili, cherehani moja ya kukanyaga, na ukutani kalenda ya mwaka ambao ulishapita. Alinipa kigoda. Nikashukuru Mungu kwamba si benchi.

Akakanyaga, akakanyaga. Nikasema, fundi, ile siku. Hakuinua kichwa.

"Siye bote tunaonaka, mwalimu," akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Yeye ndiye haone."

Jicho la kushoto la Hajji lilishakufa, akaniambia. Presha ya macho. La kulia linamfuata mwenzake. Anaona mwanga na kivuli, na mtu akisimama karibu anaona kwamba pana mtu. Anakuja mfenesini kwa kuhesabu hatua kutoka kona ya msikiti. Mashimo anayajua kwa kidole. Kete anazijua kwa kumbukumbu, maana anacheza kwenye ubao ule tangu fundi hajafika nchi hii. Ila siku nyingine mbili zinagandana, zinateleza pamoja.

"Mlikubaliana lini kumwachia?"

Fundi akasimamisha mguu.

"Hatukukubaliana. Hakuna mwenye alisema."

Yeye mwenyewe alijuaje? Akafikiri. Siku moja, zamani kidogo, Hajji alikuwa akicheza na jamaa wa bodaboda, akatupa mbili. Fundi akamtazama jamaa wa bodaboda, kuona kama ameona. Jamaa wa bodaboda alikuwa ameangalia gereji. Palikuwa hapana kitu gereji. Basi na yeye fundi akaangalia gereji.

Ndivyo tu.

Miezi minane nimekaa pale. Lazima wameangalia gereji mbele yangu mara ishirini. Nami, mwenye jicho la bao, mwanafunzi wa mjomba, nilikuwa naangalia kete.

Nikamuuliza kama Hajji anajua kwamba wanajua. Fundi akang'ata uzi kwa meno, akanikabidhi suruali.

"Ile ndiyo ulimwambia, mwalimu."

## Chumvi

Ningependa kuishia hapo, nimekosa, nimejua, nisameheni. Lakini nina neno moja ambalo limenikwama, na si lote la kujitetea.

Mama yangu siku hizi mchuzi wake una chumvi kupita kiasi. Ulimi wake umechoka. Tukienda Busia tunakula, tunasifu, tunaomba kuongezwa, kisha usiku tunakunywa maji kama ngamia. Watoto wangu wameshajua. Hakuna aliyewafundisha, walituangalia sura. Ni mapenzi, sina shaka. Lakini ipo saa, akishakwenda jikoni, tunatazamana mezani, na katika kutazamana kule mama yangu hayumo. Yeye aliyetufundisha kuonja ndiye mtu pekee nyumbani asiyejua mchuzi una nini.

Hajji alikuwa bingwa. Wanasema miaka ya tisini watu walitoka mpaka Wandegeya kuja kufungwa naye. Mtu kama huyo, ukimwachia kete kumi na moja zisizo zake, umempa nini na umemnyang'anya nini? Wale walioangalia gereji walimpa Jumamosi zake. Walimwacha pia acheze peke yake bila kujua yuko peke yake.

Nimegeuza hili wiki nne. Kuna siku naamka nikiwa upande wao, kuna siku naamka upande wangu. Mke wangu anasema yote mawili yanaweza kuwa kweli na kwamba mimi bado nilipiga kelele. Hapo hana mpinzani.

## Mfenesini

Jumamosi ya nne Hajji alikuja.

Nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi langu la adhabu. Akafika kwa hatua zake za kuhesabu, akasalimia wote, wote wakaitikia, Kiganda, *gyebale ko ssebo*, na mikono ya watu wawili ikaenda kumpisha bila kumshika. Akaketi kwenye ubao, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mwalimu yuko?"

"Niko, Hajji."

"Njoo upande huu."

Nikaenda. Nilikuwa nimetayarisha msamaha wangu tangu kwa fundi, kwa Kiganda, nimeufanyia mazoezi. Hakunipa nafasi. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya mashimo yake.

"Wewe una macho. Mimi nina mchezo. Nitataja shimo, wewe utatupa."

Fundi, aliyekaa mkabala, hakusema kitu. Jamaa wa bodaboda akaangalia gereji, sijui safari hii kwa nini. Kwa kweli niliona kwamba hawakufurahi sana, na sikuwalaumu. Walikuwa na kitu chao walichokilea kimya, na sasa mzee ametoa mpya kutoka mfukoni mwake.

Tukacheza. Hajji alitaja, mimi nikatupa. Hakukosea shimo hata moja. Alikuwa na ubao mzima kichwani, upande wake na upande wa fundi, na kila fundi alipotupa Hajji aliinamisha kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza mlango. Kelele zikaanza kurudi. Mtu akaniambia naitupa kama mtoto wa kike. Mwenye rolex akasema mke wangu angetupa vizuri zaidi. Sijui nieleze vipi jinsi nilivyofurahi kutukanwa.

Raundi ya pili akataja shimo la nyuma lenye kete saba. Nikazoa. Ni zile mbegu nyeusi ambazo Waganda huziita *empiki*, zimesuguliwa na mikono ya miaka mingi mpaka zinateleza kama sabuni. Nikatupa. To, to, to. La nne nikaachia mbili. Labda ziliteleza. Labda nilitaka kujua.

Hajji alinyoosha mkono, akanishika kifundo.

"Mbili, mwalimu," akasema. Kwa Kiswahili. "Hesabu tena."

Nikamtazama fundi. Fundi alikuwa akimtazama Hajji, mdomo wazi, na zile kete zake kumi na moja za siku ile nadhani zilikuwa zinampita kichwani moja moja.

Nikazirudisha zote kiganjani, nikaanza upya kutoka shimo la nyuma.